Kamba Kipofu wa Bi Chausiku

Kila nyumba iliyo juu ya pango lenye maji ya mabomba ilipewa kamba kipofu mmoja, jamaa ya uduvi, wa kulea mtungini, maana pangoni walikuwa karibu kwisha. Akifa, bomba la nyumba hiyo hufungwa.

Wa Mwantumu aliuawa na maji ya sabuni. Alifua nepi karibu na mtungi, akauacha wazi kwa uvivu.

Jirani yake, Bi Chausiku, akamletea wake. “Chukua, mwanangu. Una kichanga.”

Mwantumu akapokea.

Mkaguzi wa mitungi alipokuja alimsifu Mwantumu mbele za watu, akamkaripia Bi Chausiku kwa uzembe. Mwantumu akaufunika mtungi.

Sasa kila asubuhi Bi Chausiku hupiga hodi na ndoo tupu.

“Kamba wetu hajambo?”

“Hajambo, mama,” Mwantumu hujibu, macho yake ndooni.