Buu na Mzizi wa Mwisho

Chini ya shina moja la mahindi aliishi Buu, akitafuna mizizi bila haraka. Majani yaliponyauka, Bi Zamoyoni mwenye shamba alimlaumu Panzi, akamfukuza kwa matusi. Panzi akaruka, akaenda zake. Buu akacheka hadi akapaliwa.

"Liachie shina japo mizizi ya kujishikilia," jirani yake Nyungunyungu alimwambia.

"Nani ataniona huku chini?" Buu akajibu, akaendelea kula hadi ukabaki mzizi mmoja, akaung'ang'ania kwa meno.

Siku ya palizi Bi Zamoyoni alilivuta shina kidogo tu, kujaribu kama limekaza. Likang'oka zima, Buu akining'inia juani.

Kuku, aliyezoea kufuata jembe, akamsogelea taratibu.

"Panzi aliruka," alisema. "Wewe je, bwana?"