Mbuzi wa Shangazi

Mtoto hahesabiwi kupotea mpaka mashine impoteze. Kila mtoto ana kidude chini ya ngozi, na kidude cha Nyamvula kinasema yuko nyumbani.

"Nyumbani wapi?" Mbeyu, mama yake, alimfokea askari. "Yule mwanamke alijiita shangazi yake, akatuletea mbuzi wa zawadi, tukamlaza chumba kimoja na mtoto. Asubuhi wote hawapo!"

Askari alifuata mlio wa simu yake, iliyokuwa ikitafuta kidude, mpaka kwa mbuzi. Shingoni palikuwa na mshono mbichi. Simu ikatamka: Nyamvula, miaka sita, yuko salama.

"Basi namchinja!"

"Usithubutu, Mama. Huyu akifa, mashine itaandika mtoto amekufa, na utakayeshikwa ni wewe."

Mvua ikaanza. Mbeyu akamwingiza mbuzi ndani, akamfunika shuka la mwanawe.