Mmoja Aingie, Mmoja Atoke

Nilimpigia mama simu kumwambia nakuja Jumamosi. Anakaa Olkeri, mji mdogo wa kando ya ziwa, mwendo mfupi tu kutoka Nairobi. Lakini siku hizi mgeni mmoja akitaka kuingia Olkeri, lazima mwenyeji mmoja atoke, akae nje ya mji mpaka mgeni aondoke. Eti maji ya ziwa hayatoshi watu zaidi.

"Mama Wafula wa jirani si atatoka kwa ajili yangu?" niliuliza.

"Ameshachukuliwa na hoteli atoke kwa ajili ya mgeni wao, Nafula. Wote wameshachukuliwa. Watalii wanakuja kuona viboko."

Damu ilinichemka. Yaani kiboko atembelewe, mama yangu asitembelewe! Nikaapa nitapiga kelele pale langoni mpaka wanifungulie.

"Usijisumbue, mwanangu. Mtu wa kutoka nimeshampata. Nitakuachia samaki wa kukaanga jikoni, na shuka safi kitandani."

"Utaniachia? Kwani wewe utakuwa wapi?"

"Si mimi ndiye ninayetoka?"

"Mama! Nakuja kukuona wewe, si kulala kitandani kwako!"

"Tutaonana langoni, wewe ukiingia, mimi nikitoka. Vaa sweta nyekundu, nikutambue upesi."