Kanzu Chini ya Mashua

Mzee Mwinyikombo alimaliza kuziba nyufa za mashua kwa pamba na mafuta. Bwana Sudi, mwenye mashua, aliitazama mikono ya mzee iliyotetemeka kwa uzee.

"Ikivuja, mzee wangu, kazi zangu nitampa yule fundi wa ng'ambo."

"Mwite aje atusaidie kubeba ndoo za maji."

Pwani ile, kila mashua mpya ilikuwa ikijaribiwa kwanza nchi kavu, juu ya magogo: watu humimina maji ndani, wakachungulia chini kama yanavuja. Mzee akaenda nyumbani, akarudi amevaa kanzu yake nyeupe ya Ijumaa. Akajilaza chali chini ya mashua.

"Utalowa, mzee," Bwana Sudi akasema.

"Mimina, mwanangu. Nina usingizi."

Watu wakamimina mpaka maji ndani ya mashua yakafika kina cha magoti. Mzee alikuwa anakoroma. Bwana Sudi akainama, akapapasa mbao za chini, moja baada ya nyingine, zote kavu, kisha akavua kofia, akajilaza kando yake.