Tarehe Tano za Rima

Mwalimu Velma aliukata mwaka wa kwanza katika insha kwa wino mwekundu, akaukata wa pili, na alipofika wa tano alikuwa akiikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Insha yenyewe ilikuwa tamu. Swali lilihusu jinsi makoloni na maeneo mbalimbali yalivyojiunga na shirikisho la Kanada, moja baada ya jingine, na Rima, mtoto wa miaka kumi na mmoja, alikuwa ameandika kama mtu mzima aliyekwisha kuumizwa. "British Columbia iliahidiwa reli ndani ya miaka kumi. Ilisubiri kumi na minne." Tena: "Kisiwa cha Prince Edward kilikataa kujiunga. Madeni ya reli yakakibana, kikaingia kwa kuwa hakikuwa na pengine pa kwenda."

Lakini tarehe! Manitoba eti ilijiunga 1807. British Columbia, 1822. Kisiwa cha Prince Edward, 1819, na kimeandikwa baada ya hiyo 1822! Alberta na Newfoundland nazo ovyo vilevile. Velma alivumilia mengi katika shule hiyo ya mtaala wa Kanada pale Jeddah, joto na wazazi wajuaji wakiwemo, lakini tarehe mbovu zilimpandisha mori. Akaandika za kweli pembeni, akampa alama kumi na moja kwa ishirini. Chini akaandika: Rudia.

Jioni hiyo alishuka mtaa wa Al-Mahjar na bunda la matangazo aliyoyachapa shuleni. Hezron, dereva Mkenya mwenzake wa kutoka Vihiga, alimngoja nje ya duka linalouza unga wa ugali. Wiki ya sita sasa walikuwa wakimtafuta Serah, binti aliyesomea ualimu Kakamega, akasubiri ajira miaka minne, akachoka, akaja Jeddah kufanya kazi za nyumbani. Simu yake ilizimika ghafla. Mama yake, Rispah, alituma picha kwenye kundi la WhatsApp la Wakenya, na Velma ndiye aliyeitengenezea tangazo: picha juu, namba ya mama chini, kwa tarakimu kubwa.

"Hawa watu wakishachukua simu na pasipoti, Mwalimu, hata jina wanakupa lingine," Hezron alisema akibandika. "Utamuuliza nani?"

"Kuna mtu anamwona kila siku," Velma alisema. "Tukimfikia huyo mmoja, basi." Hakusema kwamba usingizi ulikuwa umemkimbia, kwamba kila akifumba macho aliiona ile picha.

Wiki iliyofuata Rima alirudisha insha. Mwandiko ulikuwa safi zaidi. Tarehe zilikuwa zilezile tano.

"Rima, kwani nilikusahihishia ya nini?"

"Maryam alisema nisibadilishe hata moja, Miss."

"Maryam ni nani?"

"Khadama wetu. Yeye ndiye hunisaidia. Mama hukagua daftari langu kila siku, na alisema insha ni nzuri." Mtoto akakunja kona ya daftari. "Maryam aliniuliza jina lako. Na kwenu ni wapi."

Velma alichukua kalamu nyekundu. Ati mfanyakazi wa ndani anataka kujua mwalimu ametoka wapi, ndipo aamini kwamba anaijua kazi yake! Akazikata zote tano kwa mara ya pili, na chini akamwandikia mama yake Rima: Tafadhali, anayemsaidia mtoto anampotosha kwa makusudi. Asiguse tena masomo yake.

Insha ya tatu ilikuja baada ya siku nne. Tarehe zote zilikuwa sahihi, ila maneno yalikuwa yamepoa, hakuna tena aliyeahidiwa wala aliyesubiri. Velma akaweka ishirini kwa ishirini.

"Umeona sasa? Huyo Maryam amejifunza."

"Maryam hayupo, Miss. Mama alikasirika, akampeleka Riyadh kwa bibi yangu. Maryam alinishika hapa, hakutaka kuniachilia." Rima alionyesha kifundo cha mkono.

"Pole, mama," Velma alisema, akaita daftari linalofuata.

Ijumaa Hezron alikuja hadi mlangoni pa jengo alilokaa Velma. Hakushuka. Alimfungulia mlango wa gari, naye akaingia.

"Amepatikana, Mwalimu."

"Serah? Wapi?"

"Riyadh. Wanasema ameanguka kutoka ghorofa ya tatu." Hezron alitazama usukani. "Nehemiah, Mkenya mwenzetu, ni askari wa jengo la jirani huko. Alimtambua kwa tangazo lako, aliliona kwenye kundi la WhatsApp."

Velma alilia kwa sauti, mikono kichwani, kama wanavyolia kwao. Alilia kwa ajili ya Serah, na kwa ajili ya karatasi zote zile walizobandika bure. Hezron alimwacha mpaka akatulia.

"Mama yake hajaambiwa," alisema. "Wenzetu wanaomba uwe wewe. Wewe ni mwanamke, utajua pa kuanzia. Nitapiga kwa simu yangu, halafu uongee. Nisomee namba."

Tangazo moja lilikuwa limebaki kwenye mkoba. Velma alilikunjua juu ya magoti, akafuta macho ili aone.

"Sifuri saba," alisoma. Hezron akabonyeza.

"Mbili mbili."

"Ndiyo."

"Moja tisa."

Manitoba. British Columbia. Kisiwa cha Prince Edward.

"Endelea, Mwalimu. Bado nne."

Velma alikuwa amefumba macho. Hizo nne hakuhitaji kuzisoma. Alikuwa amezikata kwa wino mwekundu, mara mbili.