Bundi wa Mparachichi

Bundi alipolia kwenye mparachichi, kundi zima lilizuia pumzi, na Evariste akaminya simu mfukoni ili ndege asilie tena upesi. Bundi mwenye adabu hupumzika kidogo.

Walikuwa watu wa parokia, wanaotembea kila jioni huko Uvira kutafuta ndege na wanyama wa usiku. Mwanzoni waliona popo, viboko wawili na mlevi mmoja. Lakini tangu Evariste apewe kazi ya kuchagua njia, njia ilipita nyuma ya nyumba yake, na kila walipopita, bundi alilia. Lionel, mwalimu wa biolojia aliyeanzisha matembezi, karibu alie naye kwa furaha.

"Bundi ana wivu na mahali pake," aliwaambia. "Akisikia sauti ya mwenzake, atakuja tu kuona ni nani huyo."

Evariste hakusikiliza. Macho yake yalikuwa kwenye dirisha la mama mkwe.

Mama Apollinarie alitoka Makobola kuja kumuona mjukuu aliyeshikwa na malaria. Mjukuu alipona, akarudi shule, akafunga hadi goli. Bibi yumo tu. Alikalia kiti cha Evariste, akatawala rimoti ya Evariste. Na mwanaume gani atamwambia mama wa mkewe kwamba barabara ya Makobola iko wazi? Ukweni wangemsema mpaka kaburini. Basi akanunua spika ndogo inayoendeshwa kwa simu, akaificha mtini. Bundi akililia nyumba, Uvira nzima inajua kuna mtu wa mle ndani atakufa. Mgeni mwenye akili hufunga mizigo.

Jioni hiyo, mikono ilionekana dirishani ikikunja vitenge na kuvishindilia kwenye mfuko mkubwa. Pikipiki mbili zilikuwa zinangoja mlangoni. Evariste alitaka kuimba. Aliwaacha wenzake waendelee hadi ziwani kwa viboko wao, akangoja nyuma ya nyumba hadi akasikia pikipiki zikiondoka, kisha akapanda mtini, akaizima spika na kuitia mfukoni. Hakuwa na haja nayo tena.

Aliingia sebuleni na uso wa huzuni aliokuwa ameuandaa njiani. Kwenye kiti chake alikaa Mama Apollinarie, rimoti mkononi.

"Laure na batoto nimebatuma Makobola," alisema kwa upole. "Ile ndege iko inaita muntu wa hii nyumba. Minye niko muzee, mukwe wangu. Kama ni lazima ikamate muntu, ikamate minye."

Evariste alitafuta stuli, akakaa. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Mama wa watu alikuwa amebaki ili afe badala ya binti yake, na yeye alikuwa amempigia bundi wa dukani. Aliuliza, kwa sauti ya chini, mkewe atarudi lini.

"Ndege ikinyamaza. Mpaka pale tutabakia minye na weye."

Evariste aliigusa spika mfukoni. Ilikuwa imezimwa kabisa. Akapumua: kesho, keshokutwa hivi, Laure atakuwa nyumbani, na mama naye ataona amani na kurudi kwake.

Juu ya bati, bundi akalia. Kutoka kwenye mparachichi, mwingine akamjibu.