Mabinti wa Mfalme wa Kitale

"Kabla hujaketi," alisema Kukhu Nasimiyu, "niambie kama walikuwako kweli."

Wabwile alibaki amesimama mlangoni, kofia mkononi. Ndani, mtoto mchanga wa dada yake Sellah alikuwa akilia. Ilikuwa siku ya tatu. Alinyonya kidogo, akaacha, akalia tena. Leo kilio kilikuwa kimeanza kupungua nguvu, na hilo ndilo lililowatisha wote.

Kila mtu Bungoma alijua mtoto wa namna hiyo anataka nini. Kuna marehemu anayetaka jina lake lirudi. Unayataja majina ya waliokufa moja moja, na ukilifikia lake, mtoto ananyamaza na kunyonya. Kukhu, nyanya yake mtoto, mama wa mume wa Sellah, alikuwa amewataja wafu wa ukoo wake, wa mumewe, wa akina Sellah, hata shangazi mmoja wa Matulo ambaye hakuna aliyempenda. Mtoto alilia tu.

Ndipo shemeji yake Kukhu, Mzee Wepukhulu, alipokumbuka gazeti la misheni na hadithi aliyoiandika Mwalimu Wabwile: Nasambu na Nakhungu, mabinti wawili wa mfalme. Ilikuwa imesomwa nje ya kanisa Jumapili tatu. Jumapili ya kwanza Wepukhulu aliipinga. "Ati mfalme? Sisi hatujawahi kuwa na mfalme." Ya pili, alisema kama alikuwako, basi alikuwa wa ukoo wao. Ya tatu, aliwaonyesha watu jiwe alilokuwa akikalia mfalme huyo.

"Walikuwako, Kukhu," alisema Wabwile. "Lakini kuna jambo..."

"Nimekuuliza jambo moja. Nikimwita mtu ambaye hakuwako, atakuja nani? Sitaki utamu wa gazeti, mwalimu. Huu wimbo alioimba Nasambu mtoni?"

"Niliutunga mimi."

"Utoe. Taji?"

"Haikuwa taji. Ulikuwa utepe mwekundu. Nakhungu alivikwa pale Kitale, mbele ya wazungu wote, na wakapiga makofi."

"Na kuvuka Nzoia?"

"Hiyo ni kweli. Nasambu alivunja ua akavuka mto peke yake. Nakhungu alikataa kula mpaka dada yake aliporudishwa."

Mzee Wepukhulu alisafisha koo. "Na huyo baba yao, alikuwa mfalme wa kweli ama wa kujiita?"

"Kila mtu alimwita Mfalme. Aliletwa kwa meli. Majina ya babu zake, vizazi sita, yaliandikwa kwenye karatasi yenye muhuri."

"Sita!" Mzee alivuta kiti karibu. "Bana, mimi nikifika wa tano naanza kukisia. Kwa meli, eh? Basi alipumzika hapa kwetu akielekea Kitale. Jiwe si lile pale?"

"Na wewe uliyajuaje haya yote?" aliuliza Kukhu.

"Nilikuwa karani kule Kitale kabla sijaenda chuo cha ualimu. Mzee Daud, aliyekuwa akiwatunza, ndiye aliyenisimulia mengi. Mengine niliyaona."

"Walikufa wote wawili?"

"Wiki moja, Kukhu. Homa."

"Pole, mwalimu." Kukhu aliinamisha kichwa kidogo, kisha akakiinua. "Huyu Nakhungu. Alizaa?"

"Mara nne."

"Alikuwa na maziwa?"

Uso wa Wabwile uling'aa hata yeye asijue. "Hakuna aliyemshinda! Watu walitoka mbali kuja kuona."

Kukhu alimtazama Sellah, kisha mtoto. "Huyo angetufaa," alisema.

Katika nyumba ile, Sellah peke yake alijua ndugu yake alivyolia mwaka ule aliporudi kutoka Kitale, na kwa nini. "Wabwile," alisema polepole, "waambie yote."

Wabwile alifungua kinywa. Wakati huohuo kilio cha mtoto kilikatika, kukabaki kuhema kwembamba, kama mtu anayepanda mlima.

"Acha!" alisema Sellah. "Kukhu, wataje. Wataje tu!"

Kukhu Nasimiyu alimchukua mtoto, akamgeuza uso kuelekea mlangoni.

"Nasambu."

Mtoto alianza kulia tena.

"Nakhungu, binti wa Mfalme. Kama ni wewe, karibu nyumbani."

Kimya. Mtoto alifumbua macho, akageuza kichwa huku na huku akitafuta kwa mdomo. Sellah alimpokea, na chumba kizima kikasikia akimeza. Mzee Wepukhulu alivua kofia. Nje, wanawake walipiga vigelegele ambavyo bila shaka vilisikika hata Matulo.

Jumamosi, Wabwile alipanda lori hadi Kitale. Hakuweza kulala na neno lile moyoni bila kumwambia mtu mmoja aliyestahili kulijua. Alimkuta Mzee Daud palepale alipomwacha miaka ile: juu ya kigoda, ndoo katikati ya magoti, paji la uso limeegemea ubavu wa ng'ombe. Kwenye nguzo ya tatu, juu ya hori tupu, jina la Nakhungu lilikuwa bado limeandikwa kwa chaki.

Daud alisikiliza mpaka mwisho, mikono imesimama. Aliitazama ile hori kwa muda mrefu, machozi yakamlengalenga.

"Kumbe amerudi," alisema. "Basi mwambie dada yako asimsogelee kutoka kulia. Upande huo alikuwa anapiga teke."